Njia Tuliyoichora Kwenye Miwa

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kutembea. Niliajiriwa kunakili ramani katika ofisi moja mjini Jinja, miaka ile jeshi lilipokuwa linatawala, lakini mzee aliyeniajiri hakutaka mtu wa kukaa kitini tu. Siku ya kwanza alinipa kalamu ya wino, rula, na daftari dogo lenye jalada jeusi, kisha akaniuliza kama najua kubeba debe la maji kichwani.

"Najua," nikasema.

"Basi kesho njoo na debe."

Alikuwa Msoga, mtu wa makamo, mwenye miwani mizito na mguu wa kushoto uliokuwa ukimuuma tangu ujana. Tulizungumza kwa Kiganda kilichochanganyika na Kiingereza, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, na kwa sababu siku zile Kiswahili kikisikika ofisini watu waligeuka kutazama mlango. Kilikuwa lugha ya askari. Kwangu mimi kilikuwa lugha ya nyumbani. Baba alikuwa Mkenya, dereva wa lori, aliyenileta Jinja nikiwa mdogo. Nilijifunza kukiacha Kiswahili mlangoni kama mtu anavyoacha mwavuli.

Nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya kwenda Buwenge, palikuwa na mtaa mpya. Nyumba zilikwisha kujengwa, za tofali na mabati, na watu walikwisha kuhamia. Kilichobaki ni senta: safu mbili za maduka, soko la paa bila kuta, zahanati, na steji ya mabasi kando ya barabara kuu. Mhindi aliyekuwa akijenga maduka alifukuzwa nchini pamoja na wenzake kabla hajamaliza, na kuta zilibaki zimesimama kimo cha kifua cha mtu, nondo zikichungulia juu. Zahanati peke yake ilikuwa imekamilika. Mzee wangu alipewa kazi ya kuyamaliza yale mengine kwenye karatasi, na yeye aliichukua kwa moyo wote, kama vile saruji ipo, kama vile mafundi wapo.

"Mtu akishuka basi na mzigo," aliniambia, "akatembea dakika kumi na bado hajaona mlango wake, basi hatukumjengea mji. Tumemtupa porini tukamwekea bati."

Ndiyo maana alitaka debe. Alisema mtu akitembea mikono mitupu anajidanganya. Akaniazima saa yake, nami nikawa natoka kila nyumba ya pembeni mwa mtaa na maji kichwani, nikihesabu hatua hadi steji, kisha naandika daftarini: hatua kadhaa, dakika kadhaa, mlima hapa, tope hapa, kivuli hakuna. Wanawake wa mtaa walinicheka mwanzoni. Baadaye walizoea, wakawa wananiita waniambie ni kichochoro kipi kinafurika na ni wapi mbwa ni mkali. Mzee akasogeza mstari wa maduka, akafungua upenyo kati ya soko na zahanati, na nyumba ya mbali kuliko zote ikaingia ndani ya dakika zake kumi. Siku aliyopata hivyo alininunulia soda. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilidhani nimeokota kazi nzuri kuliko wasichana wote niliosoma nao.

Kisha askari wakaja.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na steji, kulikuwa na kinu cha zamani cha pamba kisichofanya kazi. Asubuhi moja tulikuta malori yamejaa uwanjani, na baada ya wiki moja palikuwa na uzio wa seng'enge, geti, na kizuizi cha pipa na gogo barabarani. Hakuna aliyeuliza ni kikosi gani. Amri ilitoka kwamba hakuna gari la abiria kusimama mahali ambapo kambi inaonekana. Utingo mmoja wa teksi za Pijo aliyesahau, au aliyedhani amri ni ya mabasi tu, alishushwa palepale akiwa anahesabu abiria wake. Gari liliondoka bila yeye. Sikumjua, ila nilimwona mara nyingi, alikuwa na kofia ya sufi hata jua likiwa kali.

Steji ikahamia mbele, zaidi ya maili moja, kwenye ukingo wa shamba la miwa. Kuifikia kulikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa fupi: unavuka barabara kabla ya kizuizi, unafuata uzio wa kambi mpaka pembe ya mwisho, halafu unatokea barabarani. Nyingine ilizunguka mbali, ikapita vijumba vya wakata miwa na kurudi. Watu wakaanza kuamka gizani ili waizunguke ile ndefu. Wengine waliacha kwenda mjini kabisa. Mtaa uliokuwa na kelele za redio na watoto ukanyamaza, na watu wakawa wanasalimiana kwa kichwa.

Mkunga wa zahanati ndiye aliyekuja ofisini. Alikuwa mama wa Kiislamu, mzaliwa wa Jinja, mtu mzima, mwenye sauti ya chini ambayo watu huinyamazia. Alimsalimu mzee, akakataa kiti.

"Jana nilimzalisha mwanamke kwenye miwa," akasema. "Alikuwa wa kupelekwa hospitali, mtoto alikaa vibaya. Tukazunguka na ile njia ya mbali. Hatukufika kwenye gari."

"Mtoto yuko?" mzee akauliza.

"Mama yuko."

Mzee alivua miwani akaifuta kwa shati. Mkunga alipoondoka, alitandika ramani kubwa mezani na kuweka kidole kwenye doa la kijani lililoandikwa kinamasi. Kati ya maduka na steji mpya kulikuwa na miwa, na katikati ya miwa kinamasi chembamba cha mafunjo. Kama kingewekwa magogo, alisema, watu wangeweza kukata moja kwa moja, mbali na uzio, na wafike kwenye basi upesi. Lakini wakubwa wake hawangekubali mpaka awaonyeshe njia zote tatu, hatua kwa hatua.

"Pima ile ndefu na hii ya katikati," akaniambia. "Ya kwenye uzio usiikanyage. Tutaikadiria. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mzee."

Nilisikia, na sikutii. Mpaka leo sijui kuieleza vizuri. Sikuwa jasiri. Nilikuwa na kiburi cha mtu mwenye daftari safi. Njia mbili nilizipima kwa siku mbili, na safu ya tatu ikabaki wazi, na ile nafasi nyeupe ilinikera. Nikajiambia wanawake wengine hupita pale mara mojamoja na kurudi. Nikajiambia ni asubuhi, saa tatu, jua limetoka. Nikaweka debe kichwani, daftari kwenye mkoba, nikaanza.

Nilikuwa nimehesabu mia nne na kitu niliposikia mtu anapiga mluzi, ule wa kuita mbwa.

"Wewe. Simama hapo."

Nikasimama. Askari alitokea upande wa ndani, akapitia pengo kwenye seng'enge, bunduki imening'inia begani kama jembe. Alikuwa kijana kama mimi.

"Nini iko ndani ya debe?"

"Maji, afande."

"Maji ya nani?"

Nikafungua mdomo na jibu lililotoka ni lile la kweli. "Ya kupimia, afande."

Akanitazama. Akaniamuru nishushe debe na ninywe. Nikachota kwa kiganja nikanywa, akasema tena, nikanywa tena, mpaka akaridhika kuwa si sumu. Kisha akauchukua mkoba. Kiingereza cha daftarini hakukisoma, lakini tarakimu alizijua, na mchoro aliujua. Nilikuwa nimechora uzio kwa mstari wa alama za x, na geti kwa mraba.

"Hii geti yetu," akasema taratibu, kidole juu yake. "Wewe nahesabu mpaka kwa geti yetu."

Wakati huo ndipo nilipoliona daftari langu kwa macho yake. Hatua, dakika, pembe, mahali pasipo na kivuli. Nilitaka kumweleza habari za basi, na maneno yaliyonijia yote yalikuwa ya Kiswahili safi cha baba yangu, na kila nililosema lilinizamisha zaidi. Akaniuliza ninatoka wapi ninaongea hivyo. Siku zile redio ilikuwa ikiwataja Wakenya kila jioni, na si kwa wema.

Niliwekwa kwenye chumba cha mlinzi, karibu na geti, chini, ukutani. Hakuna aliyenigusa. Nje ya mlango kulikuwa na viatu vya kiume, jozi moja na kimoja kisicho na mwenzake. Nilivitazama kwa muda mrefu kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama. Nilifikiri, wenye viatu hawa wametoka humu bila viatu. Askari wawili walikuwa wakimenya mihogo na kuzungumza habari za mpira. Kuna wakati mmoja alicheka, nami nikagundua kwamba nimekojoa.

Afande wao alikuja karibu na saa tano. Mtu mnene kidogo, nadhifu, aliyenyoa ndevu vizuri, mwenye kikombe cha chai mkononi. Alikaa kwenye kreti akalifungua daftari magotini. Alijua kusoma.

"Wewe Mkenya."

"Nimezaliwa Kenya, afande. Nimekulia hapa Jinja."

"Nani alikutuma?"

Nilitaja jina la mzee. Nalisema hili waziwazi kwa sababu nimelificha miaka mingi. Sikupigwa, sikutishwa, hakuniuliza mara ya pili. Nilitaja jina lake, na ofisi yake, na nyumba anayoishi, na kwamba ana mguu mbaya, kana kwamba nilihofia watamkosa.

Afande akamwita dereva wa Landrova.

Walimleta saa sita. Aliteremka mwenyewe, polepole, akiwa na ramani iliyoviringishwa chini ya kwapa, na mwanzoni hakunitazama. Nilidhani amekasirika. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa akijizuia asiwaonyeshe kuwa nina thamani kwake. Afande alimsomea daftari lote kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa. Mzee akasikiliza kwa heshima.

"Afande," akasema, kwa kile Kiswahili chake cha kuokoteza, "mimi nikisema kwa mdomo wewe hawezi amini. Hii ni kazi ya njia. Ya watu kwenda kwa basi. Twende tutembee, mimi nakuonyesha."

"Kutembea wapi?"

"Kwa miwa. Njia hii mimi nataka, inatoka kwa maduka mpaka kwa steji. Hapiti kwa kambi. Watu wote nakwenda huko. Hakuna mtu tena ataona geti yako."

 Afande akamaliza chai yake ya pili, akamkabidhi askari kikombe.

"Sawa," akasema. "Twende kwa miwa."

Kila mtu wa Jinja wa miaka ile atajua nilichosikia katika maneno hayo. Watu walikuwa wakipelekwa kwenye miwa. Walikuwa wakipelekwa mtoni na msituni. Hawakuwa wakirudishwa.

Tukavuka barabara. Mzee alitangulia akichechemea, afande pembeni yake, mimi nyuma yao, na askari wawili nyuma yangu. Afande alikuwa ameamuru nilibebe debe, nipime kama nilivyokuwa nikipima. Tulipita kati ya kuta za maduka yasiyokwisha. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo alituona, akaingia ndani na kufunga mlango bila sauti. Ng'ambo ya kuta miwa ilianza, mirefu kuliko sisi, na baada ya mita chache hatukuona tena bati hata moja.

Mzee aliongea njia nzima. Sijapata kumsikia akiongea hivyo. Alieleza mahali maji ya mvua yangepita, mahali pa kuweka kokoto, kwa nini njia ipinde kidogo hapa ili mtu mwenye baiskeli asiteleze. Aliongea kama wakati anawaeleza wakubwa wa ofisi, akikosea ngeli kila sentensi, na sauti yake haikutetemeka. Mimi nilihesabu. Nilihesabu kwa sababu kila nilipoacha nilisikia buti za nyuma yangu na mlio mdogo wa mkanda wa bunduki. Maji yalikuwa yakimwagika usoni mwangu na sikuyafuta.

Kwenye kinamasi tukasimama. Palikuwa na jiwe pana na mafunjo, na ndege weupe wawili walioruka tulipofika.

"Weka chini debe," afande akasema.

Nikaliweka. Akamshika mzee mkono, juu ya kiwiko, kama mtu anayemsaidia mgonjwa, akasema, "Wewe kuja huku kidogo." Wakaingia kwenye miwa upande wa kulia. Miwa ikajifunga nyuma yao.

Sijui ulipita muda gani. Saa ya mzee ilikuwa mkononi mwangu na sikuthubutu kuiangalia. Yule askari wa asubuhi alichuchumaa, akachota maji ya debe akanywa, akanawa uso. "Maji yako tamu," akaniambia, na katika sauti yake hakukuwa na ubaya wowote, na hilo lilinitisha zaidi. Nilikuwa nikisubiri mlio. Niliusubiri kwa mwili wote, kwa meno, kwa ngozi ya kichwa. Nilijua nikiusikia nitajua kuwa ni mimi niliyeufyatua.

Wakatoka. Kwanza afande, kisha mzee. Mzee alikuwa na rangi ya majivu.

"Njia hii mzuri," afande akasema. "Mzee atachora. Karatasi yote ya huku nakuja kwangu, hakuna kwenda kwa ofisi ingine." Akanigeukia. "Wewe, kwenda nyumbani."

"Na Mzee?"

"Mzee nakaa kwangu kidogo. Kuandika."

Kwa mara ya kwanza siku ile mzee alinitazama. "Nenda, mwanangu," akasema kwa Kiganda. "Usije ofisini mpaka Jumatatu."

Walimshikilia siku nne. Nilimwendea mke wake nikamwambia yuko hai, nimemwacha hai, na sikuweza kumwambia mengine. Alinikaribisha uji. Alikaa karibu nami kwenye mkeka akazishika funguo za nyumba mkononi, zote, kama mtu anayetaka kutoka, na hakutoka. Jumatatu nilifika ofisini nikamkuta mezani. Miwani hakuwa nayo. Alikuwa ameinamia ramani, pua karibu iguse karatasi, na mikono yake haikuwa na jeraha lolote nililoliona.

"Nakili hii," akasema. Ilikuwa ile njia ya kwenye miwa.

Nilinakili. Nilitaka kumwomba msamaha kila siku, na kila siku aliniwahi kwa kunipa kazi.

Njia ilikatwa mwezi uleule. Watu wa mtaa walijitolea na mapanga, mkunga akiwa mbele, wakaweka magogo kwenye kinamasi, na ikawa vile mzee alivyosema. Mwanamke akitoka mtaani na mzigo alifika kwenye basi bila kupumzika. Wajawazito wawili walipelekwa hospitali mapema na wakarudi na watoto. Kwa wiki tatu hivi mtaa ulianza kupata tena sauti yake.

Kisha askari wawili wakaweka benchi mahali njia ilipotokea barabarani.

Hawakuhitaji tena kuzunguka mitaani. Mtaa mzima sasa ulipita mlango mmoja, mmoja mmoja, kwa sababu magogo hayakuruhusu watu wawili sambamba. Walikaa pale asubuhi na jioni wakitazama nyuso. Aliyekuwa na shati jipya aliulizwa amelitoa wapi. Mwalimu mmoja aliondolewa kwenye foleni, akarudi baada ya siku mbili akiwa hawezi kushika chaki. Tulikuwa tumehesabu dakika na tope na kivuli, na hatukuwahi kujiuliza nani atakaa mwisho wa njia.

Mkunga alikuja tena ofisini. Safari hii alikaa.

"Hamkukusudia," akamwambia mzee. "Najua. Lakini watu wanasema mmetuchimbia mtego."

"Wafanye nini?" mzee akauliza, kama anayemwuliza daktari.

"Wamekwisha kufanya. Wamefungua vijia vyao, vingi, kila mtu na chake. Nimekuja kukuomba usivichore."

Hakuvichora. Wiki ya pili yake aliomba uhamisho wa kwenda Mbale, kwenye kazi ya mitaro, na akaondoka na mkewe kwa basi la mchana kama mtu anayekwenda msibani. Aliniachia saa. Nilidhani ameisahau.

Miezi michache baadaye, asubuhi na mapema, afande mwingine aliingia ofisini kwetu. Huyu sikumjua. Alikuwa mrefu, hakukaa, na alitaka ramani zote za mtaa ule na jina la aliyezichora. Mkubwa wetu akamwonyesha makabati. Afande akatoa karatasi moja mfukoni, iliyokunjwa mara nyingi, akaifunua juu ya meza yangu.

"Hii mkono ya nani?"

Ilikuwa ramani ya kalamu ya risasi. Niliujua mkono ule mara moja, jinsi alivyochora mafunjo kwa vijiti vitatu vitatu. Lakini mistari ilikuwa imepinda na kupishana, kama ya mtu anayechora bila kuona. Ilionyesha kambi, miwa, na kijia kinachokwenda magharibi hadi mtoni, kikiikwepa barabara kila mahali.

"Sijui, afande," nikasema.

Alinitazama kwa muda. Akaikunja, akasema atarudi kesho.

Sikungoja kesho. Nilimwambia mkubwa wangu naumwa tumbo, nikaenda steji kuu, nikapanda basi la Mbale nikiwa na mkoba tu. Kwenye kila kizuizi, Iganga, Tororo, tuliteremshwa tukapekuliwa, na kila mara nilikuwa na hakika kwamba ile karatasi imefika kabla yangu. Sikuongea na mtu. Mwanamke wa kando yangu alinipa ndizi nikaishika mpaka Mbale bila kuimenya.

Kwa anwani aliyoiacha ofisini nilimkuta mzee nyumbani kwake, nyumba ya kupanga chini ya mlima, akisoma gazeti kwa miwani mipya. Aliponiona alisimama, akafunga dirisha, ndipo akanisalimu. Nilimweleza habari ya afande mrefu na karatasi. Kisha, kwa sababu nilijua huenda sitapata nafasi nyingine, nikamwambia lile jingine. Kwamba nilipita kwenye uzio kwa kutaka kwangu. Kwamba nililitaja jina lake mara ya kwanza nilipoulizwa, na nyumba yake pia.

"Jina langu lilikuwa kwenye pembe ya kila ramani," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa ukiliandika. Wangelipata bila wewe."

"Lakini wamelipata kwangu."

"Ndiyo," akasema. Hakunipunguzia, na namshukuru kwa hilo.

Akaniambia kilichotokea kule kwenye miwa. Afande, wakiwa peke yao, alimshika mkono ule ule na kumwuliza kwa sauti ya chini kabisa: mtu akitaka kutoka kambini hadi mtoni kwa miguu, bila kukanyaga barabara, bila kuonwa na kizuizi, apite wapi? Mzee alidhani ni mtego. Akasema hajui. Afande akamwambia, "Wewe najua. Wenzangu wawili walikwisha itwa Kampala. Hawakurudi. Mimi nikiitwa, siendi." Ndiyo sababu ya zile siku nne. Alimfungia katika chumba chake mwenyewe, akamnyang'anya miwani ili asitoroke, akamlisha vizuri, na kumchorisha kile kijia mpaka alipokiamini.

"Alikuwa akiamka usiku kuitazama," mzee akasema. "Mimi nilikuwa namwogopa yeye, na yeye alikuwa anaogopa kila gari linalopita. Tulilala chumba kimoja hivyo."

"Alifika mtoni?"

"Karatasi imerudi bila yeye. Hujui, sijui."

Alinikataza kurudi Jinja hata kuchukua nguo. Alisema kuna basi la Tororo saa nane, na kutoka Tororo hadi Malaba nitapata lori la Wakenya, niseme kwa Kiswahili changu kama nilivyozaliwa nacho, hapo kitanifaa. Nikamwuliza yeye atakwenda wapi na mguu huo. Akasema mke wake ana ndugu juu mlimani, na kwamba mtu wa mitaro hakosi sababu ya kupanda mlima. Nikavua saa nikampa. Aliipokea.

Alinisindikiza, lakini si kando yangu. Alitembea upande wa pili wa barabara, hatua kama ishirini nyuma, akichechemea, na pale steji alisimama mbele ya duka lililofungwa akisoma tangazo la zamani ukutani mpaka basi likajaa. Hatukuagana. Basi lilipogeuka niliona amekwisha kuondoka mahali pale.

Jioni ile nilikuwa ng'ambo ya Malaba, na dada ya baba alinifungulia mlango akaniuliza mizigo yangu iko wapi.

Utawala ule ulipoanguka nilirudi Mbale kumtafuta. Nilimkuta mkewe. Askari walikuja mara moja, akasema, wakakuta nyumba tupu, wakachukua redio. Mzee aliishi juu mlimani karibu miaka miwili, akalima vitunguu, akafa kwa homa ya mapafu kitandani mwake, mkewe akiwa amemshika. Mama yule aliniuliza kama kuna jambo lolote mumewe alilomficha, kwa sababu mpaka mwisho alikuwa akitaja kinamasi. Nilimweleza yote, kuanzia uzio. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nisiondoke kabla sijala.